Mguu Uliopindwa Polepole

Kapteni Odile Wernert aliingia maabara ya chuo kikuu saa mbili asubuhi akiwa amebeba mguu begani. Mlinzi wa mlangoni alimsalimia, akautazama ule mguu, akaona mshahara wake hautoshi kuuliza maswali.

Ulikuwa mguu wa alumini, bomba la mraba lenye urefu wa mita moja hivi, limepinda katikati kama goti la mtu aliyechoka kusali. Siku nne nyuma ulikuwa mmoja wa miguu minne ya stendi katika karakana ya maboti ya Kieffer na Humbert, kando ya mto Moselle, hapo hapo mjini Metz, Ufaransa. Juu ya stendi kulikuwa na boti jipya la zimamoto. Chini ya boti alikuwepo Lucien Kieffer, mmoja wa wenye karakana wawili, ameinama kukagua tumbo la boti lake. Boti likamshukia. Walipomtoa alikuwa ameshakwenda, na mguu mmoja wa stendi ulikuwa umepinda hivyo.

Stendi ile ilichomelewa na fundi wa karakana, Solange Marchal. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa na sahihi ya Solange Marchal. Mji mzima ulishamaliza kesi kabla marehemu hajafikishwa mochwari.

Hakimu wa uchunguzi, Madam Pauthier, yeye alikuwa na subira zaidi kuliko mji, lakini kidogo tu. "Nakupa mpaka saa kumi na moja leo jioni," alimwambia Odile. "Baada ya hapo nasaini. Kuua kwa uzembe." Solange alikuwa na miaka hamsini na miwili, thelathini kati yake ameipitisha nyuma ya kioo cheusi cha kuchomelea. Sahihi moja ya hakimu, na cheti kinakwenda, jina linakwenda, na mwenyewe anakwenda jela.

Profesa Anselme Bichet aliupokea ule mguu kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpana, shati lake limekosewa vifungo kuanzia juu mpaka chini, na ilionekana si mara ya kwanza.

"Umeniletea nini, paja la nguruwe?"

"Ukiling'ata utatoka na meno pungufu. Niambie kama mchomeleaji aliboronga."

Bichet aliuweka chini ya taa, akachukua kioo cha kukuzia, akaanza na mshono. Alikwenda nao mzima, pande zote nne, huku akipumua kwa pua kama mtu anayenusa supu. Odile alisimama mikono mfukoni. Miaka thelathini na mmoja polisi ilimfundisha kwamba mtaalamu akiharakishwa anakupa jibu lako, hakupi lake.

"Huyu mama anachomelea hivi kila siku?" Bichet aliuliza mwishowe.

"Wanasema."

"Mwambie meza yangu inayumba. Hapa hakuna ufa, hakuna tundu, hakuna hata aibu ndogo. Halafu angalia, mguu haukupinda kwenye mshono. Umepindia huku katikati, mahali ambapo yeye hakugusa kabisa."

"Basi alumini yenyewe ilikuwa mbovu. Walinunua ya bei poa."

"Nayo nakupimia." Akachukua kidude chenye umbo la bastola, akakigusisha kwenye bomba, akasoma kioo chake. "Alumini na magnesiamu, kipimo kile kile cha maboti. Safi. Una mtuhumiwa mwingine?"

Odile akaonyesha kwa kidole kwenye bomba, pale kwenye kona ya mkunjo. Palikuwa na mistari myembamba iliyolala mshazari, ya rangi ya kijivu iliyofifia, kama alama za shuka kwenye shavu la mtu aliyetoka kuamka. "Hii nimeihesabu jana. Kumi na miwili. Nadhani ni minyororo ya zimamoto, walipoinua boti."

Bichet akalowesha kitambaa kwa dawa, akasugua. Mistari haikutoka. Akapitisha ukucha wake juu yake. Akarudia, safari hii macho yamefumbwa. Kisha akakaa kwenye kigoda, na kile kigoda kikalalamika.

"Nani kakwambia mguu huu umepindwa na boti lililoanguka?"

"Hakimu, zimamoto, gazeti, na mwenye karakana aliyebaki."

"Basi watatu wamedanganywa na wa nne," alisema Bichet. "Au wote na mtu wa tano. Mguu huu ulipindwa polepole, kapteni. Polepole sana. Kwa starehe."

Odile alitoa daftari. "Nielezee kama unamwelezea hakimu. Kasoma sheria, maskini, hana kosa."

"Unakwenda kanisani?"

"Kwenye mazishi."

"Inatosha. Benchi la kanisa limejaa watu, mabega yamegusana. Ndani ya metali atomi zimekaa hivyo hivyo, safu kwa safu, ndiyo tunaita fuwele. Sasa anakuja mtu amechelewa, anataka kukaa mwanzoni mwa benchi. Je, benchi zima linanyanyuka kwa pamoja?"

"Hawawezi. Anasogea mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu."

"Enhe. Nafasi ndogo inatembea, kutoka huku mpaka kule. Metali ikipinda, ndiyo hivyo: mapengo yanatembea ndani yake, maelfu kwa maelfu. Tena hayatembei kistaarabu. Yanakwama, yanasukumana, yanafumuka, yanakwama tena. Sasa ndani ya alumini hii kuna magnesiamu. Magnesiamu ni bibi mnene."

Odile aliinua macho kutoka kwenye daftari, akajitazama kiuno, akamtazama Bichet tumbo. "Endelea, ila chagua maneno."

"Bibi mnene anatembea taratibu. Akiona pengo limesimama, anakwenda kukaa hapo. Akikaa, hasogei mtu. Wanasukuma, wanasukuma, mwisho anang'oka, na benchi zima linaporomoka mara moja. Nje hapa unaona mstari. Halafu wanakwama tena, bibi anakaa tena, mstari wa pili. Lakini hiyo ni kama unasukuma polepole. Ukisukuma ghafla, kwa pigo moja, bibi hapati muda wa kufika kitini. Watu wote wamepita kabla hajaokota mkoba wake."

"Na mistari?"

"Hakuna mistari."

Odile aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. Kisha akatoa kwenye begi vipande sita vya bomba, kila kimoja na lakiri na namba yake, vilivyochukuliwa kwenye rafu ya karakana mbele ya shahidi. "Ni bomba lile lile, mzigo ule ule. Vitatu vipinde polepole, vitatu viangushie kitu."

"Kimoja kimoja kingetosha."

"Hakimu kitu kimoja hakimtoshi. Hata sukari kwenye kahawa anatia vidonge vitatu."

Kipande cha kwanza kilikwenda kwenye mashine. Taya zilishuka polepole hata Odile akadhani imeharibika. Kisha bomba likaanza kukubali, na likasema: *tik*. Kimya. *Tik.* Kwenye kioo cha kompyuta, mchoro wa nguvu ulikuwa unapanda na kushuka ghafla, unapanda na kushuka, kama ngazi iliyojengwa na mlevi. Bichet alizima mashine, akalitoa bomba, akaligeuza kwenye mwanga. Mistari ile ile, mshazari ule ule.

Kwa kipande cha nne waliachia chuma cha kilo mia mbili kutoka juu. Mlio ulikuwa mmoja, na chai ya Bichet ilimwagika. Bomba lilipinda sawasawa na lile la kwanza, lakini pale kwenye mkunjo ngozi yake ilikuwa imekwaruzika yote kwa pamoja kama ganda la chungwa. Hakuna mstari hata wa kusingizia.

Matatu kwa matatu, yakatoka hivyo hivyo. Bichet akasaini kila karatasi, kisha akaurudia ule mguu wa stendi, akaweka rula.

"Kuna jambo jingine. Mistari ya mashine yangu imepangana kwa usawa, maana mashine haichoki. Hii yako ina makundi. Mitatu, nafasi. Mitatu, nafasi. Makundi manne. Mtu huyu alikuwa anasukuma, anapumzika, anasukuma. Na mapumziko yake yanalingana. Kapteni, huyu anahesabu."

*

Odile alikula mkate wa nyama ndani ya gari, makombo yote kwenye mapaja, akiyapanga mambo yake.

Mguu haukupindwa na boti. Je, ulipindwa kabla? Haiwezekani. Solange alipiga picha ya stendi saa tatu asubuhi kwa ajili ya karatasi ya ukaguzi, miguu yote minne imesimama kama askari. Basi ulifunguliwa boliti zake ukapindwa baada ya boti kuanguka, kusudi watu waone mguu na wasione kitu kingine. Kitu kingine chenyewe ni kipi? Zimamoto walikuta mnyororo wa winchi bado umefungwa kwenye boti; basi lilikuwa bado limening'inizwa, linashushwa kidogo kidogo likae kwenye stendi. Mtu akiachia breki ya winchi, linashuka lenyewe.

Mwoka mikate wa jirani alisikia kishindo saa sita na dakika ishirini. Simu ya kuita zimamoto ilipigwa saa saba kasoro kumi. Hapo katikati pana nusu saa, na saa hizo Metz nzima iko mezani. Hata wezi wa mji ule saa sita wanakwenda kula. Solange alikuwa mgahawani, ameonekana na watu kumi na mmoja, mmojawapo mume aliyeachana naye, ambaye hana sababu yoyote duniani ya kumtetea.

Karakana ilikuwa na funguo mbili. Moja ilikutwa mfukoni kwa marehemu. Ya pili ni ya mwenzake, Régis Humbert, aliyesema alikuwa nyumbani anakula, akarudi, akakuta maafa, akapiga simu.

Lakini ufunguo si mkono. Wakili yeyote aliyeamka vizuri angesema: mguu unaweza kupindwa na yeyote mwenye jeki ya gari. Odile alihitaji mkono.

Simu ikalia. Solange.

"Kapteni, nifunge begi au nisifunge? Niambie tu. Sitaki kufungwa na nguo za dada yangu, zinanibana."

"Nani kakwambia unafungwa?"

"Mwuza samaki kanirudishia hela yangu. Kasema hauzii wauaji."

"Funga begi, kama mikono inataka kazi," alisema Odile. "Ila usilifunge sana. Jibu swali moja. Wewe ukitaka kunyoosha bomba la alumini unalifanyaje?"

"Naliwekea mbao chini, nyundo ya mpira juu, basi. Régis akiniona ananuna wiki nzima. Yeye kwake ni dhambi."

"Dhambi namna gani?"

"Mwulize mwenyewe. Kaa chini kwanza, maana atachukua muda."

*

Saa tisa na nusu Odile alisukuma mlango wa karakana. Maaskari wawili aliokuja nao aliwaacha kwa mwoka mikate, na maagizo ya kutokula kupita kiasi.

Régis Humbert alikuwa mrefu, nadhifu, ana miaka sitini, kucha safi kuliko za mwalimu wa piano. Ukutani nyuma yake ilining'inia fimbo ndefu yenye kifundo cha shaba na riboni za rangi: fimbo ya chama cha mafundi wasafiri, wale wanaoizunguka Ufaransa mji kwa mji miaka mingi, wakilala nyumba za chama na kujifunza kazi kwa mafundi wakuu, mpaka nao wanaitwa mafundi. Mtu akiwa na fimbo ile, usimwambie habari za kazi yake. Yeye ndiye atakwambia.

"Kapteni. Karibu keki ya plamu, dada yangu ameoka. Mambo ya Solange yamefikia wapi? Inasikitisha. Nilimwambia Lucien kila siku, yule mama ana haraka."

"Hakimu anasaini saa kumi na moja." Odile alikula keki, akaimaliza, maana ilikuwa keki nzuri na kazi ni kazi. Kisha akatoa begini bomba moja lililopinda, mojawapo ya yale yaliyoangushiwa chuma. "Nimekuja kwa shida yangu. Nataka hili linyooke, na nyumbani sina mtu wa kazi hii. Una nyundo?"

Aliiona mwenyewe, kubwa, juu ya meza. Akaishika, akaliweka bomba kwenye sakafu ya saruji, akainua mkono.

Mkono haukushuka. Régis alikuwa ameudaka kwenye kiwiko.

"Weka hiyo chini."

"Kwani nitavunja sakafu yako?"

"Alumini haipigwi." Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu aliyeona mtoto anavutwa masikio. "Ukiipiga unaijeruhi, na jeraha linabaki ndani. Siku moja, baharini au mtoni, linafunguka. Fundi wangu wa Strasbourg alinifukuza mezani kwake siku tatu kwa sababu ya pigo moja. Pigo moja tu. Lete."

Alilichukua bomba kama anapokea kichanga. Akalipeleka kwenye presi ya mkono iliyokuwa pembeni, ile inayobana kwa kupigwa mpini kama jeki. Akatandika kipande cha ngozi chini na kingine juu, chuma kisiguse alumini. Akashika mpini, akausukuma polepole mpaka mwisho, akasimama.

Midomo yake ilicheza. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Akasukuma tena.

*Tik.*

"Inasema nini?" aliuliza Odile.

"Inanung'unika. Ukienda nayo kwa adabu inanung'unika kidogo kidogo, unajua imefika wapi. Ukiivamia inanyamaza, halafu inakuadhibu." *Tik.* "Sasa hivi vijana hawaisikii. Wana mashine."

"Na hiyo hesabu?"

"Unaipa muda wa kupumua. Sukuma, hesabu tano, sukuma. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nitakavyofanya mpaka nife."

"Nakuamini," alisema Odile.

Bomba lilinyooka. Régis akalifuta kwa kitambaa, akampa. Odile hakulitia begini. Alilipeleka dirishani, akaligeuza kwenye jua la alasiri mpaka mistari ikajitokeza. Mitatu, nafasi. Mitatu, nafasi. Kisha akautoa mguu wa stendi, akaulaza kando yake kwenye meza, lakiri ya hakimu ikining'inia.

"Njoo utazame kazi ya mkono wako, fundi. Huu na huu."

Régis alikuja, akatazama. Fundi mzuri kama yeye hakuweza kukosa kuelewa. Hakuuliza mistari ile ni nini.

"Boti lingeupinda kwa pigo moja," alisema Odile. "Pigo haliachi alama hizi, nina karatasi sita na sahihi ya profesa. Mguu huu ulitiwa kwenye presi hii, ngozi chini, ngozi juu. Hauna mkwaruzo hata mmoja, na boti la zimamoto halivai glavu. Mtu alisukuma, akahesabu, akasukuma, mara nne. Saa sita na nusu mchana, wakati mwenzake amelala pale chini. Kuanzia sasa una haki ya kunyamaza, na una haki ya wakili. Nakwambia mapema kwa sababu swali langu linalofuata ni gumu."

"Nilikuwa nyumbani nakula."

"Ulikula nini?"

Régis akaanza kukikunja kitambaa chake. Mtu aliyekula anakumbuka alichokula, hasa Metz.

"Alikuwa anataka kufunga huu upande," Régis alisema, akitazama presi. "Maboti yaje kutoka Poland yameshaundwa, sisi tubandike jina tu. Jina letu. Alisema mikono yangu ni ghali. Alisema huku ameinama, hata hakunitazama. Nilikuwa nimeshika breki ya winchi."

"Ukaiachia."

"Nilitaka ashtuke."

"Alishtuka. Na Solange?"

"Mshono ulikuwa wake. Nilidhani watatazama mshono."

"Waliutazama. Ni mzuri kuliko wako." Odile aliona hilo lilimuuma kuliko mengine yote, akaacha limuume. Kisha akaivuta ile nyundo kubwa, akaisukuma mezani mpaka mbele yake. "Swali langu ndilo hili. Ulikuwa na nusu saa, na hii ilikuwa hapo. Pigo moja tu, fundi. Ganda la chungwa, hakuna mistari, profesa wangu angesema ni boti, na mimi ningekuwa nakula keki yako kwa amani. Kwa nini hukuupiga?"

Régis Humbert aliisogelea nyundo. Akainua mkono, akaugusa mpini wake, akaurudisha mkono.

"Sikuweza," alisema.

Odile aliwaita maaskari kutoka dirishani. Mmoja alikuwa na unga wa sukari kwenye masharubu. Régis aliomba jambo moja kabla ya pingu: alegeze presi, maana haiachwi imebana. Alikwenda, Odile akiwa begani kwake, akafungua skrubu yake kidogo kidogo mpaka mpini ukalala. Akazikunja ngozi mbili, akaziweka mahali pake. Ndipo akanyoosha mikono.

Saa kumi na dakika kumi na tano Madam Pauthier alisikiliza simu mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo karani wake alilisimulia wiki nzima. Kisha ikasikika karatasi inachanwa.

Simu ya pili Odile aliipiga akiwa amekaa kwenye ngazi za karakana, sahani ya keki magotini, kwani hakuna sheria ya ushahidi inayotaja plamu.

"Begi umeshalifunga?"

"Limefungwa, kapteni," alisema Solange. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nguo, picha ya mama, na mswaki."

"Toa mswaki," alisema Odile. "Na kesho asubuhi beba vifaa vyako. Kuna profesa chuoni, meza yake inayumba."